Kiti Kilichomkwamisha Mama Barabarani

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Ulisema kikohozi cha kitinda mimba kimepungua. Niambie kama kimekwisha. Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri na kugomba vizuri zaidi.

Kinachoninyima utulivu ni kile kiti cha umeme ulichomtumia. Kilizima katikati ya barabara, yeye juu yake, lori likija. Dereva aliwahi kusimama. Baada ya muda kikawaka chenyewe. Fundi anasema mota imekufa. Kaka Mkubwa ameapa kwamba kiti kitauzwa, na kwamba Mama hatatoka tena peke yake.

Sikuridhika. Mota iliyokufa haifufuki. Nilishuku kiungio cha waya kilicholegea, lakini ukinzani wake, yaani kiasi kinachouzuia umeme, ni mdogo mno. Mita ya kawaida husoma sifuri kwa kizima na kibovu. Ikabidi niunde mita yangu ya betri, mimi ambaye juzijuzi tu nilikuwa sijui kushika chuma cha kulehemu. Vidole viwili vimeungua.

Kanuni yake ni hii: waya mbili hupeleka umeme kwenye kiungio, mbili nyingine husoma. Mimi nilizibana zote kwenye vibano vilevile. Kila kiungio kikaonekana kibovu, na nikikipima tena kinatoa jibu jingine. Wiki nzima sikukaa wala sikulala vizuri. Naingia, natoka, nafungua nilichokwisha kufunga. Mama akaniuliza, "Mwandishi, hivyo vyuma bado havijakiri?"

Kazini gazetini, shahidi akinipa kauli mbili, kwanza huchunguza nilivyomuuliza. Kumbe nilikuwa napima vibano vyangu mwenyewe! Nikahamisha waya za kusoma ziguse kiungio chenyewe. Jana viungio vyote vilikaribiana, isipokuwa kimoja chini ya kiti, ambacho ukinzani wake ulizidi wa wenzake mara kumi na tano. Nilipokifungua kilikuwa cheusi kama masizi. Nimekikata na kukiunga upya.

Leo mchana nitakijaribu kwa mfuko wa saruji uliopakiwa badala ya Mama, Kaka akishuhudia, kabla Mama hajakigusa. Kwa hiyo akikupigia, usikubali kiuzwe kwanza.

Niliacha kalamu hapo kwa sababu nilisikia geti. Kiti hakikuwepo. Nilitoka mbio, kandambili moja yangu, moja ya mke wangu. Mama alikuwa tayari ng'ambo, anabishana na muuza vitambaa. Sikumwita, angegeuka kunijibu katikati ya magari. Barabara ilipotulia akavuka. Kiti hakikusita.

"Nipishe," akaniambia. "Mwandikie mdogo wako kwamba nimevuka. Kaka yako mwambie wewe, mimi sina muda."

Kuvuka mara moja si ushahidi. Nimeinama nikakigusa kile kiungio: baridi. Kiungio kibovu kingekuwa cha moto. Mama ananitazama kama niliyepotewa na akili, na anasema jioni anarudi dukani, kitambaa hakikumpendeza. Kaka anakuja mchana. Mfuko wa saruji nimeurudisha stoo.

Nisalimie Shemeji na watoto wote. Shangazi naye anakusalimu sana. Mola awalinde katika kila njia mnayovuka.

Wako akupendaye daima,
Kaka yako wa kati