Brashi Kwenye Mashine ya Kuchapia

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Hapa Mafiga tu wazima. Babu yako kaenda Mkuyuni kufuata ndizi.

Unauliza kama watu wa kiwandani watautazama mchoro wa mwanafunzi kama wewe, wa kuboresha mashine yao. Nilipokuwa msichana nikichapa madaftari hapa mjini, masika yakianza karatasi zilishikana kwa unyevu, zikaingia mashineni mbili mbili. Nikafunga brashi ya viatu pale zinapoingilia, zikaachana. Siku alipofika fundi wa kiwanda kilichounda mashine ile, nilikimbilia kuifungua brashi nisigombezwe.

"Iache," alisema. "Nani kaiweka?"

"Mimi."

Akachukua kalamu, akaichora.

Mashine mpya ya kiwanda kilekile ilipoletwa, ilikuwa na brashi mbili pale karatasi zinapoingilia. Nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wakashangaa.

Upeleke mchoro wako, mama.

Bibi yako,
Mwanaidi