Aliyekosa Mwitikiaji

Bashay, Mbulu
14 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Leo naahidi kukueleza yote, hata yanayonitia aibu. Sisi hatujambo, na mahindi yanakauka vizuri. Je, huko Dodoma kifua chako kimepona? Ningekupigia simu, ila haya nimeona niyaandike kwa utulivu.

Katika barua iliyopita nilikuambia kwamba Babu Bura amesahau historia ya ukoo wetu. Kila nilipomrekodi kwa simu ya Mama, kwa ajili ya kazi ya shule, alianza kusimulia jinsi baba yake alivyohama kutoka Dirma, akanyamaza, akanitazama, kisha akasema basi. Ndipo ukaamua kumchukua akaishi nawe mjini, na ng'ombe wake wauzwe. Tangu asikie hayo, Babu hali chakula vizuri.

Jumanne alikuja dada yake, Bibi Kornelia. Alinikuta nikimrekodi Babu kimya kabisa, maana Mwalimu Fausta alitufundisha kwamba hata kikohozi huharibu sauti. Bibi akaniuliza kama ninamhoji mzee au ninalinda maiti. Akasema hata ng'ombe ukimwimbia hutikisa sikio. Akakaa, akaanza kupukuchua mahindi, na kila Babu alipotua, aliitikia: "Ehee! Ndiyo! Kisha?" Nami nikajiunga kuitikia.

Baba, Babu hakukwama tena! Alitaja mababu wote na madume ya ng'ombe waliohama nao. Akafika hadi siku uliyozaliwa, mvua ya mawe ikipiga bati, na Bibi akachomekea kwamba ulilia ukaishinda mvua. Walicheka mpaka chai ikapoa.

Basi nakiri: Babu hakusahau kitu. Alikosa mwitikiaji. Mimi mwenyewe huwaitikia wazee wanapobariki harusini, ila nilidhani simu ina adabu yake. Babu alisema kimya changu kilimfanya aone namhesabu mwongo. Akaongeza kuwa nawe kwenye simu humsikiliza bila neno, ndiyo maana yeye hukuambia habari za mvua tu.

Kazi niliyopeleka shule imejaa milio ya kuku na sauti yangu ikisema ehee. Mwalimu alicheka, akasema nisifute hata kuku.

Mama anakusalimu sana. Babu anasema uje, lakini uje na koo lako, usije na lori la ng'ombe.

Tafadhali nijibu upesi, Baba: je, Babu abaki nyumbani kwake?

Mwanao akupendaye,
Ludovika