Nusu ya Buni

Jumatatu, 4 Aprili 1966

Yoeli, mtoto wa marehemu kaka yangu, amefika! Meli asubuhi Bukoba, basi mpaka Muleba, akanikuta barazani kwenye cherehani. Mwembamba. Mwaka wa pili wa sheria huko Dar es Salaam, na suruali niliyomshonea inamwishia juu ya vifundo.

Koti alilovaa sikulishona mimi. Sufu nzito, bitana inateleza. Nikauliza limetoka wapi. Kapewa na Aristides, wanasoma pamoja. Aristides yupi? Mwana wa Byabato!

Byabato. Sisi nyumba ishirini na tatu hapa Kishanda tunakaa kwenye ardhi yake. Batwarwa tunaitwa, wapangaji wa mwenye ardhi. Unapanda migomba, unapalilia, unazaa na kuzika hapo hapo, lakini kibanja, yaani shamba na nyumba yake, si chako, na ndizi na pombe unampelekea kwa magoti. Sasa serikali imetunga sheria: mtu aombe kibanja kiwe chake. Tumeomba wote. Byabato amepinga wote. Baraza litakaa Muleba Ijumaa ya wiki ijayo, na Yoeli ndiye atakayetusemea. Kwa nini nyumba ishirini na tatu zilichanga kahawa yao asome? Kwa ajili ya siku hiyo.

Halafu ananijia na koti la Byabato.

Jumatano, 6 Aprili

Nimemhoji tukimenya ndizi. Anasema mwaka wa kwanza alikuwa peke yake. Wenzake watoto wa machifu na wa walimu wakuu, wamejuana tangu sekondari, wanasoma kwa vikundi. Hakuna kikundi kilichomchukua. Kiingereza chake walikicheka. Aristides ndiye aliyemwita: Mhaya mwenzangu, njoo. Akamwazima vitabu, akamfafanulia kesi moja moja. Malaria ilipomlaza, Aristides alimfulia nguo.

— Mtoto wa Byabato? Kufua?

— Shangazi, kule hakuna mtwarwa. Kuna mtihani tu.

Nimeendelea kumenya. Lakini mimi ni fundi. Nilianza na cherehani ya kuazima, mume kanikimbia, hakuna aliyenipa hata sindano ya bure. Hakuna anayempa mtu koti bila kumpima kwanza.

Ijumaa Kuu, 8 Aprili

Benigna, jirani yangu mjane, nyumba ya pili kutoka hapa, amenisubiri nje ya kanisa letu. Yeye Mkatoliki, hana shughuli kwetu — kaja kwa hilo tu. Eti wakili wetu kaonekana jana kwa Byabato, kakalishwa kwenye kiti cha wageni. Akacheka vibaya: "Fundi, mwanao tumemsomesha sisi, ila anashibia kule!"

Yoeli anasema alikwenda kusalimia tu, ni heshima. Byabato alimwita nini? Mwanangu, anasema. Mara moja? Hapana. Kila mara.

Sipendi. Byabato hajui hata majina ya watoto wetu.

Jumapili, 10 Aprili. Pasaka

Nilitaka kumpima shati la kuvaa barazani. Kainua fulana — na karibu na kitovu kuna kovu. Dogo, limenyooka.

— Nini hii?

— Kidonda tu, shangazi.

Kidonda! Mimi nakata nguo kila siku, najua kilichochanika na kilichokatwa. Nikakaa chini, nikamwambia sitashona mpaka aseme.

Wamekula omukago. Undugu wa damu! Baada ya ile malaria, bwenini, Aristides alitoa buni kwenye mkebe wa kahawa aliopewa na mama yake. Wakaipasua mbili. Kila mmoja akajichanja, akapaka damu yake kwenye nusu yake, mwenzake akaimeza.

— Nilidhani ni mambo ya kizamani tu. Tulikuwa wawili, mbali na nyumbani.

Amekaa shule za bweni tangu ana miaka saba. Nani angemwambia yaliyobaki? Kwamba husimami kinyume na nyumba ya ndugu yako wa damu. Ukisimama, tumbo linavimba, unakufa.

Mimi Mlutheri, siamini mambo ya tumbo. Lakini nyumba ishirini na mbili zinaamini. Akisimama Ijumaa watamtazama tumbo, hawatasikia neno lake hata moja.

Jumanne, 12 Aprili

Nimemuuliza wazi: ilikuwa fikra ya Aristides au ya baba yake? Kanikasirikia, mara ya kwanza maishani.

— Yule alinifulia nguo, shangazi!

Ndiyo. Na sabuni alipewa na nani?

Ameondoka na basi kwenda Bukoba mjini, Aristides yuko huko. Anataka kumuuliza uso kwa uso. Benigna kapita, kauliza wakili yuko wapi. Nimesema kafuata karatasi za kesi. Nimedanganya bila hata kumeza mate.

Alhamisi, 14 Aprili

Yoeli hajarudi. Baraza ni kesho.

Mchana huu Byabato amekuja. Mwenyewe! Kwa miguu, kanzu nyeupe, kikapu kidogo cha kamwani mkononi, zile kahawa za kutafuna mgeni anapokaribishwa. Magoti yangu yalitaka kupigwa yenyewe. "Kasinge, waitu," mdomo ukasema, ile salamu ya kumpa bwana.

— Simama, fundi, simama! Sisi ni ndugu sasa.

Kasema omukago unamfunga na yeye. Atamfukuzaje mwanawe? Kesho ataondoa pingamizi lake juu ya kibanja hiki cha marehemu kaka yangu. Yoeli aje tu, akae, asiseme kitu.

— Na wengine, waitu?

— Hao hatukula nao buni.

Nikasema Yoeli hayupo. "Najua alipo," akasema. Kikapu kakiweka juu ya cherehani yangu. Nikitafuna moja tu, tumeelewana. Nikikataa, nimrudishie kabla jua halijazama.

Moja kati ya ishirini na tatu. Yoeli akisema: labda zote, labda hata moja tusipate. Nimeipiga hesabu hii kila upande. Hesabu haijawahi kunishinda.

Sijatafuna. Sijarudisha. Jua liko kwenye migomba.

Benigna yuko mlangoni, anapiga hodi: "Fundi! Mwanetu karudi?"

Nimekifunika kikapu kwa lile shati la kesho — kwa nini nimekifunika?

"Karibu," nimesema.