Kwa Baba, Fundi Saa: Chiriku Wako Sasa Wana Jina Lako

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipotutoka ukiwa kwenye kigoda chako dirishani jikoni, kamera mapajani.

Ulitengeneza saa za watu miaka arobaini, ukastaafu, na subira ile ile ukaihamishia kwenye kupiga picha za ndege. Ulitundika sinia la mbegu uani, ukamwomba Mama aanike shuka lake la kijani nyuma ya sinia, ili nyuma ya ndege paonekane kama majani badala ya ukuta wa choo cha jirani. Chai ilikuwa inapoa hapo mezani.

"Baba watoto, shuka limekauka tangu asubuhi!"

"Shii! Chiriku amekuja."

Ulikuwa mpole kupita kiasi. Paka wa jirani alipomla mnana wako mmoja, ulimwekea maziwa, eti asirudi na njaa. Sisi upole huo hatukuurithi.

Siku ya pili ya msiba, rafiki yako mwenye studio, yule Bwana Tabasamu, alilia kutuzidi sisi wenye msiba. Akaomba kadi ya kamera akatoe picha yako ya mazishi. Mama akampa kwa mikono miwili. Miezi mitano baadaye tukasikia ana maonyesho kwenye ukumbi wa maktaba. Tulipokwenda tulikuta picha zako kumi na mbili, na chini ya kila moja jina lake. Tuliumia kuliko siku ya kukuzika.

Kesho yake Mama alirudi pale na mkoba. Ukumbi ulikuwa umejaa. Akasimama mbele ya chiriku wako, akamuuliza mwenye maonyesho kwa upole, "Huyu ulimpatia wapi, shemeji?"

"Msituni, shemeji. Siku tatu nimejificha, mbu wananila."

"Na hilo doa la kahawia nyuma ya mkia?"

"Jani kavu hilo."

Mama akafungua mkoba, akalitandaza shuka mbele ya watu. "Jani hili nililiunguza mwenyewe, kwa pasi."

Watu waliangua kicheko, Baba! Jamaa akatorokea mlango wa nyuma. Mkutubi alibandika jina lako siku hiyo hiyo, na huyo rafiki yako sasa mtaa mzima unamwita Bwana Shuka. Tunafurahi, wala hatufichi.

Ametuma watu mara tatu kuomba radhi, wakisema wewe ungemsamehe. Ni kweli, ungemsamehe. Mama aliwajibu, "Mwenye moyo mzuri alikuwa marehemu. Mimi ni mjane wake tu."

Unakumbukwa na mkeo, binti zako wawili, mwanao kinyozi, mkweo dereva, dada yako mshonaji na wajukuu wako wote watano.

Kila mwaka, siku kama ya leo, tutalitoa tangazo hili hapa hapa gazetini, neno kwa neno. Wewe hatutakusahau kamwe, Baba, na yeye hatutamwacha asahau.