Mkono wa Kufungulia Kibuyu

Mpwapwa, chuoni, upande wa wajane

Mwanangu Ndahani,

Mbukwenyi nyote mliomo humo ndani. Hamjambo? Ng'ombe hawajambo? Yule mwekundu mwenye pembe iliyoinama amezaa, au bado anatudanganya kwa tumbo? Nyemo mjukuu wangu anakula? Paa la upande wa jikoni mmelirudishia udongo, au mnangoja liwaangukie ndipo mkumbuke? Mimi ni mzima, ila goti, na habari za goti langu huzijui kwa sababu hujawahi kuuliza. Soma kwa sauti. Usimeze maneno yatakayokukera, maana nimeyaandika mwenyewe na najua kila moja limekaa wapi.

Ndiyo, mwenyewe. Najua umeshageuza karatasi kutafuta mwandiko wa mtu mwingine. Huo uliopanda na kushuka kama njia ya mbuzi ni wa mama yako, yule ambaye ulisema mbele ya watu kwamba mambo ya kitabu hawezi kuyaelewa.

Mwalimu wetu, kijana ambaye ndevu zake bado hazijakubaliana kuota, ametuambia kila mwanafunzi aandike barua kwao. Aseme anaamini nini, anapenda nini, rafiki zake ni nani, na katika safari yake ameona nini. Mimi nikaona hayo ni maswali ya mtu aliyeshiba. Lakini nitayajibu, kwa sababu mwisho wake nina neno langu, na neno hilo haliwezi kungoja.

Safari kwanza. Ulinipandisha gari la moshi pale Dodoma, ukageuka ukaenda zako. Hukungoja hata lipige kelele. Nikakuta watu wamejaa, nami nikafanya kama mtu aliyelelewa: nikaanza na wa mlangoni, mbukwa, habari za kwenu, za ng'ombe, za watoto, za mvua. Akanijibu nusu. Nikaenda kwa wa pili, naye nikamsalimu vilevile, kisha wa tatu. Alikuwapo askari wa boma, kofia nyekundu kichwani, nilipomfikia akasema, "Bibi, keti. Humu si nyumbani kwa mtu."

Nikamwambia, "Ndiyo maana hakuna aliyenikaribisha."

Wakacheka, nami nikaendelea. Bado sijawamaliza waliokaa upande wa pili, nasikia watu wanaita Gulwe, Gulwe, nikateremka na mzigo wangu, na wengine sijawasalimu. Mpaka leo linaniuma. Mnalisifu gari la moshi kwa mbio zake. Mimi nimeona nyumba ndefu isiyo na jiko wala mwenyeji, na watu wanakaa humo magoti yakigusana kama ndugu, wakiteremka hakuna anayejua jina la mwenziwe.

Kutoka Gulwe hadi huku nilitembea na wanawake waliobeba chumvi. Walikuwa wepesi, mimi nikabaki nyuma. Ndipo goti lilipoanza.

Nipendacho. Nilimwambia mwalimu: ugoro. Akasema niandike kingine, ugoro haufai katika barua ya mwanafunzi wa ubatizo. Haya, naandika kingine. Napenda ugali wa uwele na mlenda, na huku tunapewa ugali wa mahindi, mweupe kama uso wa mtu aliyeogopa, hata harufu hauna. Napenda herufi ya N, kwa sababu ndiyo ya kwanza katika jina lako na katika jina la Nyemo, na ndiyo niliyoijua kabla ya zote. Na napenda kengele ya asubuhi. Wenzangu wanainung'unikia, mimi naingoja nimekaa kitandani tayari nimejitanda. Si kwa utakatifu. Ni kwa sababu tukiingia sala ile, kila mtu analazimika kumsalimu aliye karibu naye. Baada ya hapo naweza kukaa mpaka jua linazama, hakuna aliyenitajia jina.

Rafiki. Wanafunzi wenzangu ni wake vijana na wasichana. Wananipa heshima zote: bibi shikamoo, bibi pita, bibi kaa hapa, kisha wao wanakwenda kukaa kule, na huko ndiko kwenye kicheko. Nikisogea wananyamaza kama kuku walioona mwewe. Siwalaumu. Hata mimi nilipokuwa msichana nilimkimbia bibi yangu. Sikujua tu kwamba aliona.

Rafiki yangu ni mmoja, Mwanaidi, Mrangi wa Kondoa, anauza tumbaku na asali karibu na kisima. Ni Mwislamu, anaswali kuliko sisi, na ananitania bila kunihurumia, ndiyo maana nampenda. Siku moja aliniuliza, "Bibi, kitabu hicho unakisoma cha nini katika uzee? Mungu atakutumia barua?"

Nikamwambia, "Akinitumia nitaisoma mwenyewe. Wewe utatafuta mtu."

Alicheka mpaka akamwaga tumbaku, na tukaiokota pamoja. Nyingine ilibaki kiganjani mwangu. Mwalimu asijue.

Imani sasa. Mwalimu alituuliza Mungu yuko wapi. Wote wakasema mbinguni, mbali. Nikasema, basi naye ni mgeni kama mimi, na nani anakwenda kumwamkia? Mwalimu akaniambia nikae chini. Lakini ndivyo ninavyosali, Ndahani. Nasali kama mtu anayepita kumjulia hali mwenziwe aliyekaa peke yake. Mulungu tulimwita kwa mvua kabla hujazaliwa wewe wala mwalimu wako. Huku wamenionyesha kwamba anasikia hata neno dogo lisilo la mvua. Hilo nimelipokea, na nitabatizwa mkishavuna, Mungu akipenda. Sikulipokea kwako kwa sababu ya namna ulivyolisema.

Maana unakumbuka jioni ile. Wewe na mkeo mlikuwa mkisoma na kusali upande wenu wa nyumba, mimi niko upande wangu na moto wangu, siambiwi karibu. Nikauliza tu pombe ya tambiko itapikwa lini, kaburi la baba yako pale mlangoni pa zizi limekaa kavu. Ukajibu, na mjomba wako amekaa pale anasikia, kwamba katika nyumba yako mambo hayo yamekwisha na mama haelewi. Nyumba yako. Udongo wa kuta zake niliukanyaga mimi na mimba yako tumboni. Nikasema nitakwenda kulisikia neno hilo kwenye shina lake, sitafundishwa na mtoto niliyemfuta kamasi.

Nikatoka. Mlangoni nikageuka, nikakiangalia kibuyu cha mbegu juu ya moshi, nikamwambia mkeo, "Asiyenitaka mimi asiitake mbegu yangu. Mkono mwingine usikiguse."

Kibuyu kile umezaliwa ukikiona. Mama yake baba yako alinikabidhi, naye alikabidhiwa. Uwele wake nauchagua suke kwa suke, nauchanganya na majivu. Siku ya kupanda naweka mkono juu yake, ndipo nakifungua, ndipo namtilia kila mpandaji kiganjani mwake. Shambani kwetu hajaingia mtu na mbegu aliyojichotea. Kwa hiyo, mwanangu, nilipokuja huku sikuhesabu kwamba nimeondoka. Nilijua mawingu yakikusanyika mtakuja kunichukua. Mtakuja na punda, nami nitakataa kidogo, kisha nitapanda.

Mawingu yalikusanyika. Nikafunga mzigo wangu, nikauweka karibu na mlango. Mtu akiingia langoni nainua kichwa. Mvua ikanyesha, watu wa huku wakapanda, uwele ukatoka ardhini. Mzigo nikaufungua, maana nilihitaji kanga ya kubadili.

Nikasema moyoni, wameshajichotea. Nikaona hata sala ya asubuhi haina ladha.

Sasa juzi amerudi Sudi, mume wa Mwanaidi, anayepeleka tumbaku na punda wake mpaka huko kwetu Ipagala. Alilala kwenu, mkampa maziwa, nashukuru kwa hilo. Mwanaidi akamleta kwangu, akamwambia, "Mwambie bibi ulichokiona, wala usikipake asali."

Akaniambia kibuyu kimening'inia palepale na buibui wake. Akaniambia mlipanda mbegu ya kuombaomba kwa majirani, ikachipua, mvua ikakatika, jua likaichoma yote. Na sasa mvua imerudi, majirani wamemaliza yao, na nyinyi hamna cha kutia ardhini. Akaniambia wewe ulisimama juu ya kigoda ukanyoosha mkono ukishushe, na mkeo akakushika nguo.

Nikamuuliza Sudi, mkwe wangu alisema nini hasa? Maneno yake, si yako.

Akasema, "Alisema hivi: Mama alisema mkono mwingine usikiguse. Hajafa. Akifa mtaniambia."

Niliomba maji. Sikuyanywa.

Sasa, Ndahani, yanayofuata si yako. Wewe hapa ni mdomo tu. Mwite mkeo aache anachofanya, akae, umsomee polepole.

Mama Nyemo, mkwe wangu. Nilisema siku zote kwamba hujui kusonga ugali, na kweli hujui, unauacha na mabuje kama changarawe za mtoni. Nilisema una midomo mizito asubuhi. Sitafuti maneno yangu kuyarudisha. Lakini mwanangu wa kuzaa amelisahau neno langu kabla halijapoa, na wewe uliyetoka nyumba nyingine umelilinda na njaa iko mlangoni. Neno lile lilikuwa la hasira, mama. Hasira ya mtu mzima haifai kulindwa namna hiyo. Nalitoa leo.

Ningekuja mwenyewe. Mafuriko yamekata reli, mawe yamechukuliwa na maji, na kwa miguu goti hili halifiki hata kilima cha kwanza. Sudi anaondoka kesho alfajiri kwa njia ya milimani, punda wake kabeba tumbaku, hana mgongo wa kunipa, na mbegu haingoji gari la moshi.

Basi nimefanya hivi. Chini ya barua hii nimeweka mkono wangu juu ya karatasi nikauzungushia wino. Ni wa kulia, kwa sababu mbegu haitolewi kwa kushoto. Lakini kalamu ikabidi niishike kwa kushoto, ndiyo maana mstari umetetemeka na kidole kidogo kimekwenda upande wake. Msicheke. Mwalimu aliponikuta akasema barua haimaliziwi hivyo. Nikamwambia, "Baba, wewe barua yako unampelekea nani? Mimi hii naipelekea mbegu." Akanishikia karatasi isiteleze. Kama ni ushenzi sikumuuliza, naye hakuniambia.

Mkifika asubuhi ya kupanda, mama, ushushe kibuyu wewe, si Ndahani. Uweke karatasi juu yake, mkono wangu uelekee kizibo. Juu ya mkono wangu uweke wako. Kisha fungua. Mtilie kila mmoja kiganjani, Nyemo naye, hata kama atazimwaga. Ukitaka kusali, sali. Mulungu ni yuleyule, nimeuliza huku nimejibiwa. Na baada ya siku hiyo kibuyu ni chako. Usiniulize tena.

Ndahani, wewe nawe ukipita mlangoni pa zizi, usimame pale kwa baba yako. Sisemi umwage kitu. Simama tu, kama mtu anavyosimama kwa mtu.

Nisalimie baba yako mdogo anayekaa na ng'ombe zetu upande wa bondeni, mwambie asikamue mpaka ndama walie. Nisalimie mjomba wako aliyesikia yote jioni ile akajifanya anawasha kiko. Nisalimie jirani aliyewapa mbegu. Simpendi, anajua, lakini alitoa wakati wengine walificha, mkivuna mpelekeeni kabla hamjaonja. Nyemo mwambie bibi yake ameandika jina lake mara nyingi katika karatasi hii, alitafute mwenyewe.

Ni mimi mama yako, mwanafunzi wa mwisho katika benchi la mbele, nisiyeona vizuri nikikaa nyuma.

Na wewe, mama Nyemo, neno moja tu. Usikiache kibuyu kitupu. Bakiza konzi moja chini, niipande nikirudi. Iwe konzi ya mkono huu, si wa kwako, wako ni mdogo. Pima hapa kwenye karatasi.