Pazi, Umekula Vietnam Kabla Yangu

Pazi, mtumwa wangu,

Usishtuke kuuona mwandiko huu. Ni mimi Maganga, bwana wako, nimeshika kalamu kwa hiari yangu bila kushikiwa fimbo. Ulizoea kusema kwamba mtu wa darasa la saba akiandika barua, karatasi inatoka jasho. Basi leo itoke jasho. Nina habari za kukupa, na huko uliko sijui kama mtandao unashika.

Nimekwenda Vietnam. Naam, safari yetu ile ile, siku kumi na mbili, kundi la watu wanane na mtu wa kutuongoza. Nimerudi na picha mia nne na tumbo jipya. Kofia sikurudi nayo. Zile kofia zao za majani zilizochongoka juu, kila mtu kwenye kundi alipata yake, mimi kichwa kikagoma kuingia. Muuzaji akamwita jirani yake aje aone, jirani akaita mume. Wenzangu wanapanga foleni kutazama makumbusho, mimi nimepangiwa foleni. Mfalme gani alipata heshima hiyo?

Lakini ukweli ni kwamba nilitaka kuifuta safari hiyo. Safari ilikuwa yako. Wewe ndiye uliyeanza kwenda kunywa supu kwa yule mama wa Kivietnam jirani na ghala letu hapa Edmonton, kila tukitoka shifti ya asubuhi. Siku ya kwanza uliinamia bakuli, ukafumba macho, ukasema, "Maganga, mdalasini huu, tangawizi hii, iliki hii. Hawa watu wameyeyusha pilau wakainywa!" Nikakujibu kwamba Mzaramo akiwa na njaa hata maji ya mvua anayaita pilau. Toka siku ile hukutulia. Ukaleta kitabu cha picha za safari, ukakitandaza kwenye meza ya mapumziko juu ya sandwichi za watu. "Si kwenda kulala hotelini, bwana. Unaingia majumbani, unapika nao, unakaa nao mkekani. Anayekuongoza ni mtoto wa huko huko." Mimi niliyefika Maskati, Rotterdam na Dubai (Dubai niliishia uwanja wa ndege, lakini nimefika) nikasema haya, nitakusindikiza usije ukapotea.

Kisha ukafa. Mwanaume mzima, viza unayo, sanduku umenunua, unakufa. Hiyo ndiyo akili ya Kizaramo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Nilikukosea makaburini, na wewe unajua.

Kwetu akifa Mzaramo, Mnyamwezi ndiye anayekuja kuuvuruga msiba. Ndivyo ilivyo tangu wazee wetu walipopishana kwenye njia za misafara wakatukanana hadi wakazoeana. Mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anakoroma kama yeye, anakalia njia ya jeneza mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mtani asipofanya hivyo, marehemu kazikwa nusu.

Na nilijiandaa, wallahi. Chini ya koti langu jeusi nilivaa lile koti lako la kazini, la rangi ya chungwa, linalong'aa kama taa za barabarani. Maneno nilikuwa nayo ya kukuchelewesha mpaka magharibi. Lakini makaburi ya hapa unayajua. Tumepangiwa saa yetu, familia nyingine iko getini inasubiri, mvua inanyesha, imamu anatazama saa yake ya mkononi. Nikamwona mkeo, Mama Tatu, amesimama mbali kidogo na wanawake wenzake, uso umekauka kama ukuta. Mwanao Tatu alikuwa ameinua simu juu ili ndugu wa Dar waone maziko, na kwenye simu nikasikia sauti ya dada yako Mwanahawa, "Mtani yuko wapi? Mbona simsikii Mnyamwezi?"

Pazi. Mimi Maganga, mdomo unaojulikana vituo vyote vya basi vya Edmonton, nilifunga vifungo vya koti mpaka kidevuni, nikaokota sepetu, nikajifanya nina kazi.

Nilimwogopa Mama Tatu. Nilijiambia, huyu mama amebaki na binti na ukimya, nikianza kumtukania mume nitamvunja. Baada ya hapo sikupita kwenu tena. Shemeji akipiga simu, nasema niko shifti. Nilikuwa na shifti nyingi mwaka huo kuliko ghala lenyewe.

Tatu ndiye aliyenifukuza niende Vietnam. Aliniambia kwa Kiingereza chake cha hapa kwamba baba alitaka twende, kwa hiyo anko usilete habari, nenda. Nikaenda. Kwenye ndege kiti chako alikaa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mama mpole, akalala begani kwangu kwa muda wa saa saba huku akikoroma. Nikajua tu umemtuma wewe.

Aliyetuongoza anaitwa Lan. Binti mdogo wa umbo, sauti ya askari. Siku ya kwanza Hanoi alitufundisha kuvuka barabara. Pikipiki, ndugu yangu, zinakuja kama mchwa waliomwagiwa maji. Akasema kwa Kiingereza, "Usikimbie, usisimame, tembea polepole, wao watakukwepa." Nikamwambia mimi nimekulia Tabora, nimevuka Kariakoo siku ya sikukuu, asinifundishe kutembea. Katikati ya barabara akanikuta nimesimama, macho nimefumba, nasoma dua. Akanishika mkono akanivusha kama bibi harusi. Ungekuwepo ungenicheka mpaka ukate roho mara ya pili.

Siku ya saba akatupeleka kijijini, nyumba ya bibi mmoja mjane. Akasema tuna bahati, leo familia inaadhimisha siku aliyokufa mumewe, na tumekaribishwa. Mimi nikajiweka sawa kwa huzuni. Tunafika, watoto wanakimbizana, wanawake wanacheka jikoni, harufu ya chakula inafika barabarani. Ndani kuna meza yenye picha ya mzee mwenyewe, vijiti vya ubani vinafuka, na mbele yake vyakula vya kila aina. Katikati kuku mzima wa kuchemsha, kakalishwa kitako kama mwenyekiti wa mkutano, ua jekundu mdomoni.

Watu wote wakaja wakasimama. Hakuna anayegusa. Dakika moja, mbili, tano. Wanatazama chakula, wananitazama na mimi.

Sasa wewe uliyelelewa kwenu na mimi niliyelelewa kwetu tungefikiria nini? Mgeni hajaanza, wenyeji wataanzaje? Nikajiambia, maskini, watu hawa wana adabu kama sisi, watakufa njaa kwa sababu yangu. Nikanawa mikono, nikavuta pumzi, nikasema bismillahi kwa sauti, nikang'oa paja. Kuku akaanguka kifudifudi. Ua likadondokea kwenye wali.

Kimya ulichokisikia wewe kaburini ni kelele mbele ya kile cha pale.

Lan akaninong'oneza, "Anko, bado anakula."

"Nani?"

Akaonyesha picha ya mzee pale mezani. Kumbe kwao marehemu anaalikwa siku yake, anaandaliwa, na anakula kwanza. Ubani ukishateketea wote, ndipo watu wanajua ameshiba, wanateremsha chakula wanakula na wao. Na mimi nimemnyang'anya mwenye karamu paja akiwa katikati ya tonge.

Bibi akanisogelea. Mfupi, ananifika kwenye mkanda. Akalitazama paja, akanitazama mimi, akasema neno moja refu, na nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko. Mmoja akakaa chini. Lan akatafsiri huku anajifuta macho: "Bibi anasema hivyo hivyo ndivyo mumewe alivyokuwa. Hakuna karamu ambayo hakuiba paja kabla ya wazee. Anasema ulipomng'oa kuku alifikiri ni yeye kaingia."

Halafu bibi akauliza kama na mimi nina wangu aliyetangulia.

Nikasema ninaye. Bibi akauliza, ni mtu wa namna gani? Basi mdomo wangu, Pazi, ule uliofungwa mwaka mzima, ukafunguka. Nilisimama katikati ya mkeka wao nikatembea unavyotembea, kifua mbele kama unakwenda kupokea medali. Nikawaambia wewe ni Mzaramo, ukisikia ngoma mtaa wa tatu unaacha hata kazi ya serikali. Nikawaambia ulivyolala ghalani ndani ya boksi la friji wakakubandika anwani ya Scotland. Nikakoroma. Lan anatafsiri, bibi anapiga mapaja, yule mwalimu wa Kiingereza analia kwa kucheka. Nilipomaliza, bibi akaleta bakuli na jozi ya vijiti vya kulia, akaviweka mezani kando ya picha ya mumewe, akawasha ubani mwingine.

Tulikusubiri umalize. Ulichukua muda wako, mlafi wee. Ndiyo maana nasema umekula Vietnam kabla yangu.

Nikarudi. Jumapili iliyopita ilikuwa hitima yako ya mwaka, nyumbani kwako. Nilivaa koti lako la chungwa, safari hii juu ya kila kitu, nikapanda basi nalo, nikapanda ngazi, nikakaa kizingitini miguu nimenyoosha. Masheikh wamefika na viatu mkononi hawana pa kupita. Nikapaza sauti, "Haingii mtu humu! Mtumwa wangu katoroka mwaka mzima sasa, nataka fidia yangu!"

Mama Tatu akatoka jikoni na mwiko. Nikajua leo ndiyo zamu yangu, nakufuata.

Akalitazama lile koti. Midomo ikamcheza. "Shemeji," akasema, "mwaka mzima! Nilidhani umemsusa. Nimekaa humu najiuliza, alikukosea nini mwenzako hata usimfanyie utani wake?"

Kumbe ukimya wangu ndio uliokuwa unamuumiza, Pazi.

Akajifuta uso kwa kanga, akanielekezea mwiko. "Kaa vizuri hapo. Anza na kukoroma kwake, maana hilo hata mimi nina ushahidi."

Nikaanza. Mpaka sheikh mkubwa alishika ukuta kwa kucheka. Dada yako Mwanahawa kwenye simu alikuwa anapiga kelele, "Mtukane! Mtukane huyo, usimwachie!" Nilikumaliza, ndugu yangu. Sikukubakishia hata unyayo. Fidia yangu nikapewa, sahani ya pilau na ndala zako za chooni, na ninazivaa hivi sasa nikikuandikia.

Walipoondoka watu, Tatu akakaa karibu yangu, akaniuliza kwa Kiswahili, mtoto ambaye hajawahi kunijibu kwa Kiswahili tangu azaliwe, "Anko, na mimi nina watani?" Nikamwambia anao tele, Wanyamwezi wote wa dunia ni wake, aanze na yeyote. Akanitazama juu mpaka chini, anatafuta maneno. Akasema, "Basi anko, una miguu mibaya sana." Ilikuwa kazi ya mwanafunzi, lakini kipaji kipo. Nitamfundisha.

Nakuacha upumzike sasa, najua matusi yamekuchosha. Nakuahidi kila mwaka nitakuja kuufunga mlango wako mpaka masheikh wanichoke, na siku nikishindwa kupanda ngazi, Tatu atakutukana mwenyewe kwa Kiswahili safi. Na mimi nikija huko kwa zamu yangu, tafadhali, usinipokee kwa adabu.

Bwana wako akupendaye,
Maganga