Mikono ya Nyuma ya Gari ya Tumbo

Mulamu wangu Owor, shemeji mwizi wa dada yangu,

Jana wamenitibua roho. Vijana wawili wamekuja gereji na kagari wamekashusha mpaka kanakwangua barabara, tairi za nyuma zimeinama ndani kama magoti ya ndama. Wananiuliza, "Mzee, tununue mikono gani ya nyuma ya kunyoosha hii alaimenti?" Swali zuri, maana hiyo mikono ndio vyuma vinavyoshika tairi. Busia yote, Uganda na Kenya, hakuna fundi anajua jibu lake kunishinda, na wewe ulilijua hilo ingawa ulikufa unakataa. Lakini nikaangalia zile tairi, nikawaambia waende kwa mwingine. Ndio nakuandikia wewe. Nani mwingine nitamwambia?

Unaikumbuka gari ya Tumbo. Jina hilo tulikuwa tunalitumia wewe na mimi tu, tena chini chini, sababu miaka ile jeshi linatawala Uganda, afisa wa cheo chake alikuwa hahitaji kosa lako ndio akumalize. Alikwenda Nairobi akaona gari imelala chini, akarudi na wivu. Askari wake wakazikata springi kwa msumeno kama watu wanakata muwa. Wewe walikuwa wamekutoa kwa lori ya simiti, wakakwambia kuanzia leo ni dereva wa mkubwa. Hakuna aliyekuuliza kama unataka.

Zile tairi zilikuwa zinaliwa upande wa ndani mpaka waya zinaonekana, na upande wa nje bado mpya. Kwa barabara ya murram matako ya gari yanakwenda kivyake. Siku ile moja ilipasuka njia ya Mukuju mkaingia kwa shamba la muhogo, Tumbo alishuka na paja la kuku bado mkononi. Ulinisimulia mwenyewe. Hakupiga kelele. Alitafuna, akameza, akasema, "Ingine ikipasuka nikiwa ndani, wewe utapanda buti."

Na wakati ule hata mtoto alijua: mtu akipandishwa buti ya gari yao, harudi. Akasema vile anacheka, mafuta yanateremka kwa kidevu. Mimi sikuwepo, lakini kile kidevu ndio nakiona mpaka leo nikikaribia chakula.

Ukaja kwangu kutafuta dawa ya zile tairi, bado unajifanya mwanaume.

"Mulamu, nasikia wewe ni fundi. Ni kweli ama ni zile hadithi zako?"

Tukavuka Kenya kwa Hajati wa spea. Akatuwekea vitu vitatu juu ya meza. Bushi ngumu za kuzungusha, zile za kuvaa kwenye kiungo na kurekebisha kidogo. Hizo nikazisukuma, sababu gari ya Tumbo ilikuwa imeshuka kupita dawa ya bushi. Halafu mikono miwili ya aina mbili. Moja inang'aa kama sufuria ya harusi, viungo vyake chuma kwa chuma, hakuna raba. Ingine nyeusi, mbaya kama wewe, lakini ina bushi za raba nene na nati ya kurefusha na kufupisha.

Wewe ukashika ile ya kung'aa. "Tumbo anapenda vitu vya kung'aa."

"Hiyo ni ya mashindano," nikakwambia. "Vumbi ya hapa itaingia kwa kiungo, mwezi hauishi, gari inaanza kugonga kama mtu anatwanga. Halafu inachomoka. Halafu wewe unapanda buti inayong'aa."

Hajati akacheka mpaka akashika kifua. "Mchukue nyeusi, wanangu, na mumnunulie rangi ya fedha. Mkubwa hatainama kuangalia. Tumbo lenyewe halimruhusu."

Kumbe lile jina lilikuwa limevuka mpaka kabla yetu.

Basi nikafunga mikono myeusi, wewe ukaipaka rangi ya fedha, ukapaka na viatu vyangu. Nikatoa kamba nikaivuta ubavuni mwa gari, nikatoa timazi ya kaka yangu fundi mjenzi kupima kama tairi inasimama wima. Na hapo ndio tukafanya yetu sisi watu wa mpaka. Fundi wa Kampala anapima gari tupu. Sisi gari yetu ni ya kubeba, tunaipima ikiwa imebeba, la sivyo ukiipakia inainama tena. Tumbo alikuwa anapanda na walinzi watatu wa saizi yake na makreti ya bia. Tulihitaji uzito. Mtu mwingine angetafuta mawe. Sisi kitu kizito kilichokuwa karibu, kwangu na kwa kila jirani, ni magunia ya kahawa yanayongoja kuvushwa. Tumezoea hivyo, mikono ilikwenda yenyewe. Tukajaza buti, tukajaza na kiti cha nyuma. Kahawa ya magendo, ndani ya gari ya mtu anayeua watu wa magendo.

Niko chini ya gari nasikia viatu. Nikaona na soli: Tumbo mwenyewe.

"Hii kahawa ya nani?"

Mimi, msemaji wa Busia nzima, nikajificha nyuma ya tairi. Wewe ndio ulijibu. "Iko ndani ya gari yako, afande. Tunapimia uzito wako."

"Mimi ni gunia ngapi?"

"Tulikuwa bado tunaongeza, afande."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akafunga buti mwenyewe.

"Peleka huo mzigo Kenya," akakwambia. "Uniletee wiski na sabuni. Huyu shemeji yako nakaa naye. Jua likizama hujarudi, namla yeye."

Nilikaa naye. Alikula chakula cha mke wangu kwa sufuria, akachokonoa meno kwa bisibisi yangu ndogo, akaifutia kwa shati langu, mimi ndani ya shati. Nikasema asante afande.

Ulirudi jua limeanza kuwa jekundu. Unashusha sabuni nikakunong'oneza, "Mjinga wewe, umerudi kufanya nini?"

"Dada yako Zaina angenisumbua. Anakupenda sana, sijui kwa nini." Halafu ukasema, "Gari imenyooka, mulamu. Unaachia usukani, inakwenda yenyewe."

Ndio siku pekee ulinisifu.

Baada ya pale Tumbo akakugeuza mvushaji wake, mpaka wakubwa wenzake wakasikia harufu, akahitaji mtu wa kuwaonyesha kama mkosaji. Akakuonyesha wewe. Walikuchukua Mukuju, siku ya soko, watu wanaangalia mihogo yao. Zaina alipeleka chakula kambini. Askari wakakipokea, wakakila mbele yake, wakamrudishia sahani, wakasema hilo jina hawalijui.

Na Tumbo alikuja tena kwangu, Owor. Dereva mpya, gari ile ile. "Angalia tairi." Nikainama. Zilikuwa zimelika sawa sawa, ndani na nje, sijawahi kuona tairi imelika vizuri hivyo. Akanipiga bega na ule mkono wake wa jasho. "Wewe ni fundi." Nikazunguka nyuma ya gereji nikatapika.

Zaina ni mzima, ananigombeza kwa niaba yako. Watoto wako wamekuwa wakubwa na masikio yako, pole yao. Kaburi hatuna. Watu wanakuja kunisikiliza, nawapa hadithi, katika zote mimi ndio mshindi, na hii siwapi yote. Nikifika pale kwa Hajati naishia hapo, wananidhania nimechoka. Ulikuwa Kenya, mulamu. Mzigo umeshusha, tangi imejaa, gari imenyooka, barabara iko wazi mbele yako mpaka Kisumu. Ukageuza.

Lala, mwizi wewe.

Mimi mulamu wako, kaka yake Zaina